Habari za Joseph Warioba, Mwanasheria Aliyekuwa Waziri Mkuu

Kila mwaka, ifikapo tarehe 27 Februari, watu hukusanyika hapa Songea mahali paitwapo Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji. Huikumbuka siku moja ya mwaka 1906, ambayo Wajerumani waliwanyonga wakuu na askari wa Wangoni waliopigana nao katika Vita vya Majimaji. Hesabu iliyohifadhiwa ni watu 67. Karibu wote walizikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umeitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake.

Mambo ya vita vile mmekwisha kuyasoma katika masomo ya historia. Leo nataka mtazame jambo moja tu lililo katika habari ile, ambalo mara nyingi hupitwa bila kuangaliwa. Watu wale walihukumiwa. Ni nani aliyewahukumu? Ni Wajerumani wale wale waliopigana nao. Aliyeshitaki alikuwa Mjerumani, aliyekata shauri alikuwa Mjerumani, na aliyeshika kamba alikuwa chini ya amri ya Mjerumani. Hapakuwa na mtu aliyezisomea sheria zile akasimama upande wa Wangoni na kuuliza: Mtu huyu amefanya nini hasa? Ni nani aliyemwona? Sheria mnayomhukumu kwayo imeandikwa wapi, na ninyi mmepewa na nani mamlaka ya kumhukumu? Wazee husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na hukumu ya siku ile ilikuwa ngoma ya namna hiyo.

Maswali yale ndiyo kazi ya mwanasheria. Katika somo hili tutasoma habari za Mtanzania mmoja aliyejifunza kuyauliza, akayauliza mahakamani, akayauliza katika mabaraza ya mataifa, na mwisho, baada ya kuwa mkubwa sana katika serikali, akaiuliza serikali yenyewe.

Kwanza tufahamu kazi hii ni kazi gani. Mwanasheria ni mtu aliyesoma sheria na kuhitimu. Akipewa ruhusa ya kusimama mahakamani badala ya watu wengine na kuwasemea, huitwa wakili. Wengine hudhani ya kuwa wakili ni mtu wa maneno mengi, tena mjanja, ambaye hulipwa fedha ili ageuze nyeusi iwe nyeupe. Wapo wa namna hiyo, kama walivyopo wachuuzi wanaopunja katika mizani. Walakini kazi yenyewe siyo hiyo.

Tuseme watu wawili wa Mbinga wanagombania mpaka wa shamba la kahawa. Mmoja ni mtu wa hasira, hodari wa kupiga kelele. Wa pili ni mjane mpole; barua ya kijiji iliyompa marehemu mumewe shamba lile ameiweka sandukuni, wala hajui ya kuwa barua hiyo ndiyo nguvu yake. Wakili wa mjane hufanya nini? Humwuliza habari taratibu, tangu mwanzo. Huitaka karatasi na kuisoma mara mbili. Huwatafuta wazee waliokuwapo siku ile minyaa ilipopandwa mpakani. Kisha huyapanga mambo hayo mbele ya hakimu, moja baada ya moja, hata asiyependa kuyasikia asipate njia ya kuyakwepa. Kelele za yule wa kwanza hazipungui, lakini sasa hazina kazi.

Basi Tanganyika ilipopata uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961, Waafrika waliosomea kazi hii katika nchi nzima waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Mawakili wengi walikuwa Wazungu na Wahindi. Hata Mwanasheria Mkuu wa Serikali, yaani mtu anayeishauri serikali nzima katika mambo ya sheria, alikuwa Mwingereza, Bwana Roland Brown. Mwafrika wa kwanza kuishika kazi hiyo, Mark Bomani, aliianza mwaka 1965.

Kwa sababu ya upungufu huo, chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, elimu ya kwanza kufundishwa ilikuwa sheria. Haukuwa udaktari, wala uhandisi, wala ualimu. Wanafunzi hawakufika ishirini, na kwa kuwa majengo ya chuo yalikuwa bado, walisomea katika nyumba ya chama cha TANU, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Huenda mkastaajabu. Je, nchi yenye wagonjwa wengi na barabara chache haikuhitaji waganga na mafundi kwanza? Iliwahitaji sana. Walakini nchi mpya hurithi vitabu vya sheria vilivyoandikwa na watawala waliotangulia, hurithi mikataba, madeni na mipaka; na kama hakuna mwenyeji awezaye kuvisoma vitabu hivyo na kuvieleza, nchi hulazimika kumwuliza mgeni kila asubuhi, Bwana, hapa pameandikwa nini?

Miongoni mwa vijana waliosoma sheria katika chuo hicho alikuwamo Joseph Sinde Warioba. Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1940 upande wa Bunda, katika Mkoa wa Mara, nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Hata mwaka 1966 akahitimu na kupewa shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho wakati ule kilikuwa kimoja kwa Kenya, Uganda na Tanzania.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa wakili wa serikali mjini Dar es Salaam, tangu 1966 hata 1968. Kisha, kwa miaka miwili, akawa mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji hilo. Kazi ya halmashauri ya mji haiimbwi ngomani. Ni mambo ya viwanja, masoko, kodi za nyumba, na mashauri ya watu waliojenga pasipo ruhusa. Mimi naamini ya kuwa ni shule nzuri kwa mtu atakayekuja kutawala, kwa maana huko ndiko sheria inakokutana na mwananchi aliyevunjiwa kibanda, naye hutaka kujua kwa amri ya nani.

Mwaka 1970 alikwenda The Hague, katika nchi ya Uholanzi, akajifunza sheria za mataifa. Sheria za mataifa ni zile zinazoamua mambo baina ya nchi na nchi: mipaka, mikataba, vita, na matumizi ya bahari. Aliporudi aliingia katika Wizara ya Mambo ya Nje, na tangu 1971 hata 1975 alikuwa mkuu wa idara iliyoangalia mambo ya sheria. Hapo ndipo alipoingia katika shauri kubwa la bahari.

Ninyi mnaokaa Songea mnaweza kusema ya kuwa bahari ni ya watu wa pwani. Lakini tazameni ramani ya mkoa wetu. Upande wa magharibi kuna Ziwa Nyasa, na watu wa Mbamba Bay wanavua humo tangu enzi za mababu zao. Mpaka wa ziwa hilo umeleta maneno baina ya Tanzania na Malawi tangu miaka ya 1960, kwa sababu ya mapatano ambayo Waingereza na Wajerumani walipatana Ulaya tarehe 1 Julai 1890, wala hapakuwapo mvuvi mmoja aliyeulizwa. Mmoja husema mpaka upo ufukoni, wa pili husema upo katikati ya maji. Kama maji ya ziwa moja yanaweza kuleta maneno hivyo, fikirini maji ya bahari zote za dunia.

Tangu 1973 hata 1982 wajumbe wa mataifa walikutana mara nyingi kutunga sheria moja ya bahari. Nchi kubwa zenye meli nyingi zilitaka bahari iwe wazi ili meli zao zipite na kuvua popote. Nchi changa, na Tanzania mojawapo, ziliona ya kuwa bahari iliyo wazi kwa wote ni mali ya mwenye meli kubwa. Mwisho wakapatana. Kila nchi ya pwani ikapewa maili 12 za bahari kuwa kama nchi yake, na hata maili 200 ambamo samaki na mali nyingine ni haki yake. Na mali iliyoko chini kabisa ya bahari kuu, mbali na nchi yo yote, ikatangazwa kuwa urithi wa wanadamu wote. Mkataba ulitiwa sahihi Montego Bay, katika kisiwa cha Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982. Ikaundwa halmashauri ya mataifa ya kutayarisha mambo yote ili mkataba ule uanze kazi, na mwenyekiti wake wa kwanza, tangu 1983 hata 1987, alikuwa Joseph Warioba. Alikuwa ni mtu wa nchi ambayo miaka 22 kabla ya hapo ilikuwa karibu haina wanasheria wake yenyewe.

Nimetangulia kidogo mbele ya habari. Turudi nyumbani. Mwaka 1976 Warioba alichukua mahali pa Mark Bomani, akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka uliofuata vyama vya TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na nchi ikapata Katiba ya 1977. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo ikafa mahakama ya rufani ya nchi tatu. Tanzania ikaanzisha Mahakama ya Rufani yake yenyewe mwaka 1979.

Sasa tumefika mahali pagumu katika habari hii, nami sitawaficha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu katika nchi yetu. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vilitafutwa kwa taabu, na watu walipanga mistari mirefu madukani. Babu na bibi zenu watawaeleza. Serikali iliona ya kuwa wako watu wanaoficha bidhaa na kuuza kwa magendo, na mwaka 1983 ikaanza kuwakamata. Kisha Bunge likapitisha sheria ya kuwahukumu wahujumu uchumi. Wananchi wengi walishangilia, kwa kuwa njaa na shida humfanya mtu atamani adhabu ya haraka. Lakini sheria ile ilikuwa na mambo mawili ambayo yapasa kufikiriwa. La kwanza, ilirudi nyuma ikawakamata watu kwa mambo waliyoyafanya kabla haijatungwa. La pili, washitakiwa walipelekwa mbele ya baraza maalum, si mahakama ya kawaida, nao hawakuruhusiwa kuwa na wakili.

Kumbukeni Mahenge. Simaanishi ya kuwa serikali ya 1983 ilikuwa sawa na Wajerumani wa 1906. Hiyo ilikuwa serikali ya wananchi wenyewe, na wakosaji walikuwapo kweli. Walakini mtu asiye na wa kumsemea yu katika hatari ile ile, hata akihukumiwa na ndugu yake. Na wakati huo Warioba alikuwa mmoja wa wakubwa wa sheria katika serikali, kwa maana mwaka 1983 ndio aliotoka katika kazi ya Mwanasheria Mkuu akawa Waziri wa Sheria. Hivyo mwanasheria aingiapo katika utawala hukutwa na jambo ambalo wakili wa mjane hakutwi nalo: siku nyingine yeye mwenyewe yu upande wa mwenye nguvu.

Sheria ile haikudumu. Mwaka 1984 Bunge likapitisha nyingine badala yake. Mashauri ya namna hiyo yakapelekwa mbele ya Mahakama Kuu, na mawakili wakaruhusiwa kusimama tena. Na mwaka ule ule wa 1984, Warioba akiwa Waziri wa Sheria, Katiba ilirekebishwa, zikaingizwa ndani yake haki za watu: haki ya kuishi, haki ya kusema, haki ya kuabudu, haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kabla ya hapo haki hizo hazikuwa na sura yao katika Katiba yetu. Hata hivyo serikali ilijipa miaka mitatu ya kuzitengeneza sheria zake zilizopingana nazo, na mwananchi hakuweza kwenda kuzidai mahakamani mpaka mwaka 1988. Miaka mitatu ni mingi kwa mtu aliye kifungoni. Lakini tangu hapo Mtanzania aliweza kuulizwa, Haki yako imeandikwa wapi?, naye akafungua kitabu na kuonyesha kwa kidole.

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais, na Ali Hassan Mwinyi akashika mahali pake. Rais mpya alimchagua Warioba kuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Cheo cha Waziri Mkuu si kigeni kwa watu wa Songea, kwa kuwa Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa wilaya yetu, alikishika mara mbili. Warioba alikishika kwa miaka mitano, hata Novemba 1990. Ilikuwa miaka ya mabadiliko mazito. Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ya shilingi ikashushwa, bidhaa zikarudi madukani, na bei zikapanda. Watu wenye elimu ya uchumi wangali wakibishana kama dawa ile ilikuwa nzuri au mbaya kuliko ugonjwa, nasi tutawaachia.

Mwaka 1995 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Warioba alisimama Bunda kwa Chama cha Mapinduzi, akashindwa na Stephen Wasira wa chama cha NCCR-Mageuzi. Mtu aliyekuwa wa pili katika nchi nzima ameshindwa katika nchi ya kwao! Wengine wangeona haya wakanyamaza, na wengine wangewaita vijana wenye marungu. Yeye alipeleka malalamiko yake katika Mahakama Kuu. Shauri likasikilizwa, mashahidi wakahojiwa, na uchaguzi ule ukabatilishwa. Lilikwenda hata Mahakama ya Rufani, na mpaka leo wanafunzi wa sheria hulisoma wanapojifunza mambo ya uchaguzi.

Mwezi wa Januari 1996 Rais Benjamin Mkapa, ambaye alikuwa ameingia kazini majuma machache tu, alimpa Warioba kazi nyingine: kuongoza tume ya kuchunguza rushwa katika nchi. Tume ilitoa taarifa yake mwezi wa Desemba mwaka huo. Taarifa ile iligawa rushwa mafungu mawili. Kuna rushwa ya mtu mdogo ambaye mshahara haumtoshi, naye huomba kitu kidogo ili akufanyie kazi aliyoajiriwa kuifanya. Na kuna rushwa ya wakubwa, ambao hawakupungukiwa na kitu, ila tamaa imewashika. Polisi, mahakama, hospitali, idara ya ardhi, zote zilitajwa pasipo kuzungushwa maneno. Mwenye kuandika hayo alikuwa mtu aliyekaa miaka mingi ndani ya serikali ile ile, na wengi wa watu wa serikali walikuwa rafiki zake. Kwa maoni yangu, ni katika kazi hii watu wa kawaida walipoanza kumjua, kuliko alipokuwa Waziri Mkuu.

Mwaka huo huo mataifa yalimchagua kuwa mmoja wa majaji 21 wa mahakama mpya ya sheria za bahari, iliyowekwa mjini Hamburg, Ujerumani. Tangu hapo Watanzania wamezoea kumwita Jaji Warioba. Nitawaeleza shauri moja la huko, kwa kuwa laonyesha tabia ya mtu wa sheria vizuri.

Ilikuwapo meli jina lake Saiga, yenye kubeba mafuta. Ilizunguka baharini ikiwauzia mafuta wavuvi karibu na pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi. Tarehe 28 Oktoba 1997 askari wa Guinea waliifukuza, wakaipiga risasi, wakaikamata. Meli ile ilipeperusha bendera ya Saint Vincent, nchi ndogo ya visiwa katika bahari ya Karibi, na nchi hiyo ikaishitaki Guinea. Sasa angalieni. Cheti cha muda cha kuandikishwa kwa meli ile katika Saint Vincent kilikuwa kimekwisha tarehe 12 Septemba, na cheti kipya kilitolewa mwisho wa Novemba. Ilikamatwa katikati, siku ambayo haikuwa na cheti hiki wala kile. Majaji wengi waliona ya kuwa, hata hivyo, meli ilikuwa ya Saint Vincent, na tarehe 1 Julai 1999 wakaihukumu Guinea ilipe fidia. Majaji 18 walikubali. Majaji wawili walikataa, Ndiaye wa Senegal na Warioba wa Tanzania. Warioba hakuona ushahidi wa kutosha ya kuwa meli ilikuwa imeandikishwa siku ilipokamatwa. Na kama haikuandikishwa, Saint Vincent ina haki gani ya kuisemea? Ni swali lile lile la mjane wa Mbinga na barua yake. Inawezekana majaji 18 ndio waliokuwa na haki. Lakini si jambo dogo kusimama wawili mbele ya 18, ukaandika sababu zako ili kila mtu azisome.

Alimaliza kazi ya Hamburg mwaka 1999. Mwaka 2001, Mahakama ya Afrika Mashariki ilipofunguliwa Arusha, alikuwa mmoja wa majaji wake wa kwanza.

Kazi iliyokuwa nzito kuliko zote ilimfikia akiwa na umri wa miaka 71. Mwezi wa Aprili 2012 Rais Jakaya Kikwete alimweka kuwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na makamu wake akawa Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu. Wajumbe walikuwa 30, nusu kutoka Bara na nusu kutoka Zanzibar. Walikwenda mikoani, wakafanya mikutano ya hadhara, wakawauliza wananchi: Mnataka nchi yenu itawaliwe kwa kanuni gani? Katiba ya 1977 ilitungwa wakati chama kilikuwa kimoja, na wananchi hawakuulizwa namna hii.

Rasimu ya kwanza ilitolewa mwezi wa Juni 2013, na ya pili ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba mwaka huo. Ilikuwa na mambo yaliyowashitua wengi. Ilisema serikali ziwe tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Ilisema waziri asiwe mbunge, ili anayesimamia serikali asiwe ndiye anayejisimamia. Ilisema mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu, na wananchi wapewe njia ya kumwondoa mbunge asiyewafaa kabla ya muda wake. Kwa maneno mengine, mzee aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu, Waziri wa Sheria na Waziri Mkuu alileta maandishi ya kuwapunguzia mamlaka watu wa vyeo vile vile alivyovishika. Wako waliosema ya kuwa serikali tatu zingeuvunja Muungano, na kati yao walikuwamo watu wenye akili na mapenzi mema. Yeye alijibu ya kuwa Tume haikuyatunga; wananchi ndio waliosema, na maneno yao yameandikwa.

Bunge Maalum lilikutana Dodoma mwaka 2014. Mwezi wa Machi Warioba alisimama mbele yake akaieleza rasimu kwa urefu. Mwezi wa Aprili wajumbe wengi wa vyama vya upinzani walitoka, wala hawakurudi. Waliobaki waliigeuza rasimu: serikali zikarudi kuwa mbili, na ukomo wa wabunge na njia ya kuwaondoa vikafutwa. Tarehe 2 Oktoba 2014 wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Novemba, ulifanyika mdahalo katika hoteli moja ya Ubungo, Dar es Salaam, ili watu waielewe katiba ile. Jaji Warioba alikuwa akisema. Alikuwa na miaka 74. Vijana waliokuwa ukumbini wakaanza kupiga kelele. Viti vikarushwa, mkutano ukavunjika, na mzee akatolewa nje akiwa amezungukwa na watu wa kumlinda. Hapakuwa na hakimu mle ukumbini wa kuamuru kelele zinyamaze.

Hakuacha kusema. Aliendelea kuulizwa na waandishi wa magazeti, naye aliendelea kuwajibu kwa sauti yake ya taratibu. Kura ya maoni, ambayo wananchi wangesema kwayo ndiyo au hapana, ilipangwa kupigwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujamalizika, na Katiba ya 1977 pamoja na marekebisho yake ikaendelea kutumika.

Maswali

1. Kwa nini chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza kwa kufundisha sheria?
2. Katika shauri la meli Saiga, ungalikuwa jaji, ungalikubaliana na wale 18 au na wale wawili? Toa sababu zako.
3. Mwulize mzee wa kwenu aliyekuwapo mwaka 1983 habari za wahujumu uchumi, kisha andika kurasa mbili. Mwulize pia kama washitakiwa walipaswa kupewa wakili, na uandike jibu lake kama alivyolisema.